Barieri inafungwa kwa Land Cruiser, inafunguka kwa kamyo ya mbao: je, ni haki?

*"Mwalimu, salamu kutoka Lubumbashi. Sisi ni kikundi cha marafiki wenye magari ya 4x4 na pikipiki. Wakati wa kiangazi tunatoka mjini Jumamosi, tunaelekea upande wa Kasenga na Kundelungu, tunafuata njia za zamani za wakata miti. Juzi tulirudishwa kwenye barieri. Tuliambiwa magari ya matembezi yanaharibu udongo. Tukiwa bado tumesimama pale, kamyo mbili zilizojaa mbao na magunia ya makala (mkaa) zikafunguliwa zikapita. Shemeji yangu anayeishi Oregon, Marekani, anasema hata kwao ni vile vile: njia zinafungwa kwa watu wa pikipiki, kampuni za magogo zinaendelea kukata. Msitu ni wa serikali, yaani ni wetu sote. Gari la tani mbili na nusu linaharibuje kuliko kamyo ya tani thelathini na msumeno wake? Na tufanye nini nasi tupite?"*

Ndugu yangu, kamyo ikipita mara moja inaumiza njia kuliko gari lako, tena kwa mbali sana. Mlinzi aliyetaja udongo hakukudanganya, ila alichagua sababu iliyo nyepesi kutamka. Aliyoyaacha ni mawili: nani anaweza kuwajibishwa kwa uharibifu, na njia ile itafanya nini baada ya kamyo ya mwisho kuondoka.

Kwanza umiliki. Ni kweli kwamba sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi ya nchi yetu ya Kongo kuwa mali ya serikali, na Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ikasema hivyo hivyo kuhusu misitu. Lakini sheria hiyo ya 2002 haikuufungua msitu kwa kila mwenye gurudumu. Iliigawa misitu mafungu matatu: iliyoainishwa, ambamo mna mbuga na hifadhi, ya kulindwa, na ya uzalishaji wa kudumu. Jina la fungu la pili linawapoteza wengi. Msitu "wa kulindwa" ndio ambamo wanakijiji wana haki zao za kuokota kuni, bowa (uyoga), viwavi na dawa, na ndimo pia vibali vya kukata miti hutolewa. Fungu la kwanza ndilo lililo gumu. Kundelungu ni hifadhi ya taifa tangu 1970, iko chini ya ICCN, idara ya serikali inayosimamia hifadhi, na Sheria ya uhifadhi ya 2014 haitaki mtu aingie, aendeshe gari wala apige kambi mle bila ruhusa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu tani, nataka kujua barieri yenyewe ilikuwa wapi, na ya nani. Washa simu, chukua alama ya GPS, iweke kwenye ramani ya mipaka ya hifadhi. Ikiwa kamyo zile zilikuwa zinatoka ndani ya hifadhi, hakuna kibali cha biashara kinachoweza kuhalalisha mbao zile, na swali lako limekuwa malalamiko ya kisheria. Ikiwa zilitoka kwenye misitu ya kulindwa ya Kasenga zikapita tu kwenye barabara ile ile, huenda zilikuwa halali kabisa. Halafu kuna barieri za kampuni za madini, ambazo zinafuata sheria yao nyingine, na kuna barieri za mti na kamba ambazo mwenye nazo hana cheo chochote isipokuwa njaa. Kila moja ina mlango wake wa kubisha. Watu wa matembezi wanaziweka zote kapu moja, wanagombana na asiyehusika.

Sasa kibali. Mkata miti mwenye karatasi halali hakununua ruhusa ya "kutumia msitu". Amepewa miti ya aina fulani, ndani ya eneo lenye mipaka, kwa muda uliotajwa, na analipia. Akikosea kuna jina la kushitaki na kibali cha kunyang'anya. Ninyi mnapopita, hata mkiwa waungwana, hakuna karatasi inayosema ni magari mangapi, njia ipi, mwezi gani. Mtu wa pili atafuata alama za matairi yenu, wa tatu atakata kona, na mwisho wa msimu hakuna wa kuulizwa. Mwenye kusimamia msitu asiye na watu wa kutosha huchagua kilicho rahisi: anafunga.

Anachosimulia shemeji yako kimejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri iliyozitaka idara za serikali zipange ni wapi kwenye ardhi ya umma magari ya nje ya barabara yanaruhusiwa na wapi hapana. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza kwamba pakionekana uharibifu mkubwa pafungwe mara moja. Mwaka 2005 Idara ya Misitu ya Marekani ikageuza utaratibu: badala ya kila mahali kuwa wazi mpaka pafungwe, kila msitu wa taifa utachapisha ramani ya njia zilizoruhusiwa, na nje ya ramani hiyo hupiti. Kanuni hiyo haimgusi mwenye idhini ya maandishi, na mkata miti mwenye mkataba ni mmojawapo. Ndiyo sababu anaonekana kupendelewa. Lakini yeye yuko chini ya sheria nyingine ya 1976, ambayo kati ya mengine inataka barabara za muda zilizochimbwa kwa ajili ya magogo zirudishiwe majani ndani ya miaka 10 baada ya mkataba kuisha. Kwa hiyo huko mwendesha pikipiki mara nyingi anazuiwa asiingie kwenye njia ambayo mkataba wenyewe umeshaihukumu ife.

Kwetu Haut-Katanga sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana, na hapo lalamiko lako lina uzito. Kamyo kupita kwenye barieri hakuthibitishi kwamba ina kibali. Kunathibitisha tu kwamba imepita. Chukua mukula, mti ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu, ambao biashara yake iliwasha moto Kasenga na Sakania. Tangu mwisho wa 2019 umo kwenye Kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wengi wanadhani maana yake ni marufuku. Si hivyo: unaweza kuuzwa nje, mradi nchi itoe cheti kwamba ukataji hautaimaliza aina hiyo. Cheti hicho kinahitaji mtu aliyeihesabu miti iliyobaki, na kuhesabu huko ndiko kugumu. Gogo likifika mpakani bila historia, hakuna awezaye kusema lilitoka kijiji gani.

Turudi kwenye udongo, kwa sababu nao una mambo yake.

Tairi hukandamiza ardhi kwa njia mbili zisizofanana. Sentimita 10 hadi 20 za juu zinategemea zaidi upepo ulio ndani ya tairi: gari lako lina bari 2 na kitu, kamyo ina 7 au 8. Chini zaidi, kinachohesabika ni uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 kwenye udongo wenye unyevu inashindilia hata chini ya sentimita 40, mahali ambapo jembe halifiki na mvua haiwezi kulegeza kwa miaka mingi. Gari lako halifanyi hivyo. Ila kuna jambo ambalo wenye magari mepesi hawalipendi: sehemu kubwa ya mshindilio hutokea katika mapito machache ya kwanza. Gari la kwanza kupita juu ya udongo usioguswa linaharibu kuliko la ishirini. Kamyo ishirini zikifuata mfereji mmoja zinaua ukanda wa mita tatu. Magari ishirini yaliyotawanyika kila moja likitafuta njia yake yanaumiza eneo pana zaidi, japo kwa juu juu. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kubaki kwenye njia ile ile kuliko wanavyosisitiza uzito.

Unyevu ndio hakimu. Kwetu mvua inashika kuanzia Novemba hadi Machi, Oktoba na Aprili ni miezi ya kusitasita, na Mei hadi Septemba udongo mwekundu unakuwa mgumu kama tofali. Njia moja inaweza kupitika Agosti bila alama na kufa Desemba kwa siku moja. Kipimo chake hakigharimu kitu. Chimba sentimita 10 pembeni mwa njia, chukua udongo wa kujaa kiganja, toa mawe, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe uzi. Ukikatika-katika kabla haujafikia unene wa milimita 3, yaani karibu na njiti ya kiberiti, ardhi itabeba gari. Ukivutika ukawa uzi mwembamba usiokatika, udongo uko laini kiasi kwamba utasukumwa pembeni badala ya kubeba, na mfereji utakaouacha utakuwa mto mvua ijayo. Geuza. Na kama hukupima, angalia nyuma yako: alama ikizidi kina cha sentimita 5, umechelewa kugeuza.

Kuna sehemu tatu ambazo hata kiangazi singependa kuona tairi. Ya kwanza ni dembo, yale mabonde ya majani yasiyo na miti ambamo vijito vinazaliwa. Juu panaonekana pamekauka, chini ni udongo mweusi unaoshika maji. Alama mbili za matairi zikikata dembo zinakuwa mifereji inayoyatoa maji kabla ya wakati, na kijito kilichokuwa kinafika Oktoba kinakauka Julai. Pikipiki nyepesi inafanya hivyo sawasawa na gari.

Ya pili ni vilima vya shaba. Unavijua: msitu unaisha ghafla, kilima kiko wazi, majani mafupi na maua, panaita gurudumu. Miti haipo kwa sababu shaba na kobalti ardhini vinaitia sumu. Mimea midogo iliyomudu kuishi pale, kama lile ua la shaba ambalo wataalamu wanaliita Haumaniastrum katangense, imezoea udongo huo, na baadhi ya jamii zake haziko popote duniani nje ya ukanda wetu wa madini. Migodi imeshakula vilima vingi. Kuvimalizia vilivyobaki kwa mchezo wa Jumapili ni jambo ambalo sioni namna ya kulitetea.

Ya tatu ni majani marefu ya Agosti na Septemba. Majani makavu hujikusanya juu ya eksozi na chini ya tumbo la gari, yanashika joto, yanawaka, na dereva anaona moshi gari likiwa tayari limesimama ndani ya nyasi. Zima injini kwenye udongo mtupu tu. Kila nusu saa teremka, chutama, toa majani kwa fimbo. Beba koleo, lita 20 za maji na kizima-moto cha unga cha kilo 2, mahali pa kufikika bila kufungua mizigo. Moto wa mwanzo wa kiangazi, Mei au Juni, unapita chinichini. Wa Septemba unaua machipukizi, na miombo inategemea machipukizi: muputu au mti mwingine wa ukoo ule ukikatwa, kisiki kinachipua upya kisipochomwa wala kulimwa. Katika hilo msumeno una afadhali kuliko kiberiti.

Hapo ndipo tunafikia ule uharibifu ambao barieri inaukusudia hata kama mlinzi hakuweza kuusema. Kukatwa kwa mukula kumi hakuumalizi msitu wa miombo. Kinachoumaliza ni njia iliyofunguliwa ili kuifikia miti ile kumi. Baada ya kamyo za mbao zinafuata baiskeli za makala. Tanuri la udongo linatoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni, kwa hiyo mchoma makala hachagui mukula, anakata kila kilichosimama. Nyuma yake linafuata shamba la mahindi, na moto wa kila mwaka. Njia isiyopitwa inafungwa na majani ndani ya misimu michache. Njia inayopitwa kila Jumamosi na magari ya matembezi inabaki wazi kwa wote. Hamkuikata miti, lakini mnamfagilia njia anayeikata. Hilo ndilo jibu la swali lako la tani mbili na nusu.

Basi mfanye nini? Kwa Kundelungu ni rahisi: nendeni ofisi ya ICCN Lubumbashi na barua yenye majina, namba za magari, tarehe, njia mnayoiomba na idadi ya siku. Ombeni mlinzi wa kuwasindikiza mpaka maporomoko ya Lofoi na mlipie. Uhuru wa kupita popote hamtaupata, na nafikiri hamstahili kuupata. Mnachoweza kupata ni njia iliyotajwa, msimu uliotajwa, na stakabadhi. Fedha ya mlangoni ndiyo hoja pekee ambayo hifadhi inaweza kuionyesha mbele ya mwenye kamyo.

Nje ya hifadhi, chaguo ninalolipenda zaidi ni msitu wa jamii. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wa asili, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Jamii yenye msitu wake inaweza kuandikiana nanyi mkataba mdogo: njia moja, kiasi fulani kwa gari, vijana wawili wa kutunza mifereji. Ubaya wake ni kwamba makaratasi yanachukua muda mrefu, na mkishughulika na mfumu (chifu) peke yake bila kamati, fedha inaishia kwake na barieri inarudi mwaka ujao. Lipeni mbele ya mashahidi, muandike.

Kuna njia ya tatu, ya kumwambia mkata miti mwenye kibali awaachie njia yake akimaliza. Inavutia kwa sababu njia ipo tayari. Mimi ningeikubali kwa sharti moja: njia moja ibaki kwa makubaliano na kijiji, zile nyingine zote zifungwe. Na kufunga si kulaza gogo moja pale mwanzoni, pikipiki italizunguka. Chimbueni mita 100 za kwanza mpaka udongo ulegee, tandazeni matawi, na kwenye mteremko chimbeni mifereji ya kukata maji: kina sentimita 30, ikiwa imelala mshazari, upande wa chini ukiwa wazi ili maji yatoke kwenye majani. Kwenye mteremko wa asilimia 5 mfereji mmoja kila mita 40 unatosha. Asilimia 10, kila mita 24. Asilimia 15, kila mita 18. Kosa la kawaida ni kuuziba mdomo wa mfereji kwa udongo uliochimbwa. Maji yanajaa, yanapasua, na mmetengeneza korongo kwa mikono yenu. Njia itakayobaki wazi nayo inahitaji mifereji hiyo hiyo, ila iwe mipana na ya mteremko wa taratibu ili gari livuke.

Mkiwa na ruhusa, shusheni upepo hadi bari 1.7 kwenye njia ya udongo, 1.3 kwenye mchanga, na beba pampu, kwa sababu kurudi barabara ya lami kwa kasi na upepo huo kunachoma tairi. Mto uvukeni pale pale penye kivuko, gari likiwa limenyooka. Madaraja ya magogo kwenye njia za zamani msiyaamini: mchwa hula kutoka ndani, na gogo linaonekana zima. Ligongeni kwa nyundo. Likitoa sauti ya mtungi, msipite. Osheni magari mjini kabla ya safari na baada yake, maana tope chini ya gari linabeba mbegu za magugu kama titonia mpaka mahali ambapo hayakuwapo.

Kuhusu kamyo mlizoziona, msizisimamishe wala msipige picha za nyuso za watu. Andikeni tarehe, saa, mahali, upande ilikotoka, mzigo, kisha mpeleke kwa msimamizi wa mazingira wa teritwari na nakala kwa uratibu wa mazingira wa mkoa. Watakachotafuta ni kibali, karatasi ya kusafirisha, na kama alama zilizogongwa kwa nyundo kwenye gogo zinalingana na za kisiki. Barua yenye saa na mahali inawalazimisha kujibu. "Kamyo nyingi zinapita" haimlazimishi mtu.

Mambo mawili msiyaamue kwa kusoma jibu hili. Gari likikamatwa au mkitozwa faini bila stakabadhi, tafuteni wakili kabla ya kutia sahihi kwenye karatasi yoyote. Na kabla ya kuchora njia mpya, hata ya kilomita tano, mwombeni mtaalamu wa udongo au misitu kutoka Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi aitembee pamoja nanyi kwa miguu, ikiwezekana Machi, maji yakiwa bado yapo, maana madembo mengi hayajitambulishi Agosti. Upande wa kaskazini, kuelekea Mitwaba na Upemba, kumekuwa na makundi yenye silaha. Mlinzi akiwarudisha kule, rudini bila kuuliza habari za udongo.